Sura ya Sita: Moyo Kwenye Mkono wa Mwingine

Saa ilikuwa ndani ya bahasha ya nailoni, bahasha ilikuwa ndani ya mfuko wa koti la Léonce, naye Léonce, mpelelezi wa polisi, alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha fundi Fabrice kule Nyakabiga, akingoja mteja mmoja amalize kubishania kioo cha simu. Hakuwa na haraka usoni, ila miguuni alikuwa nayo. Kesho asubuhi faili lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka, na mwanamke aliyekuwa amefungiwa kwenye cachot, mahabusu ya polisi, angepelekwa gerezani kwa kosa la kuua.

Mambo yenyewe, kwa juu juu, yalikuwa mepesi. Mama Consolate, mjane wa Mutanga Nord, alikutwa Ijumaa jioni amelala chini kwenye korido ya jikoni, kichwa kimepasuka, na mkono wa kushoto hauna kitu. Daktari alisema amekufa tangu mchana. Lakini mwanaye Bonfils, aliyeko Kanada, alikuwa amemnunulia saa inayosikiliza moyo na kupeleka habari mpaka kwenye simu yake huko aliko, na simu hiyo ilimwonyesha kwamba moyo wa mama yake ulipiga mchana kutwa na kuendelea mpaka usiku. Jumamosi polisi, kwa msaada wa kampuni ya simu, waliifuata saa hiyo hadi mtaa wa Carama. Waliikuta imefungwa kwenye mkono wa Nsimire, Mkongomani mwenye kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Tangu akamatwe, Nsimire hakutoa neno. Alikuwa anaomba tu, midomo ikicheza, macho yamefumba.

Mteja aliondoka. Léonce akaweka bahasha mezani.

"Oh, chef!" Fabrice akaishika saa kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. "Hii si montre, hii ni daktari. Inasikiliza moyo. Inahesabu hatua. Inajua uko wapi, inaandika na njia uliyopita. Ina kadi yake ndani, haina haja ya simu pembeni. Mutu akikuandikia, unasoma hapa hapa mukononi. Na ukianguka, inakuuliza kama uko salama. Usipojibu, inampigia mutu wako yenyewe."

"Na saa ngapi, inasema?"

"Hata hiyo itakuambia, ukiiomba vizuri."

"Mama Consolate alianguka. Mbona haikumpigia mtu?"

Fabrice akakuna shavu. "Basi hakuanguka nayo, chef. Ilikuwa mukono mwingine. Yenyewe haijui mukono ni wa nani. Moyo ni moyo. Ifunge kwa mbuzi, kesho itakuambia mbuzi amelala vizuri."

"Vitu vyote hivyo, na haimjui mwenyewe?"

"Haimjui."

"Mimi ningeanzia hapo, kama ningeitengeneza mimi."

"Ndiyo maana hawakukuita, mzee. Ungewaharibia biashara."

Léonce hakucheka. Alikuwa ameuchukua mkanda wa saa, ule wa mpira mweusi, anauinamisha kwenye mwanga. Mashimo ya mkanda yalikuwa mapya, madogo, ya duara, isipokuwa mawili. Moja lilikuwa la karibu na saa, la mkono mwembamba. Jingine lilikuwa la mbali, la mkono mnene. Yote mawili yalikuwa yamevutika mpaka yamekuwa marefu. Yaliyo katikati yake hayakuguswa. Na ndani ya pini ya chuma, pale kidole kisipofika, palikuwa na magamba ya samaki yaliyokauka juu ya magamba mengine.

"Fabrice. Shimo kama hili linapanuka kwa siku moja?"

Fabrice akatia ukucha wake. "Siku moja? Apana. Hili limevutwa wiki nyingi."

"Na hili jingine?"

"Na lenyewe." Akaugeuza mkanda. "Chef, hii montre ilikuwa na wake wawili."

Léonce akairudisha saa kwenye bahasha.

* * *

Mutanga Nord, nyumbani kwa marehemu, turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mti wa parachichi, na watu wa kilio wameketi kwenye viti vya kukodi. Wamama wa kanisa walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini, wimbo unaisha, wanauanza tena. Maiti ilikuwa bado hospitali. Mazishi yalikuwa Jumatano, bila Bonfils. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na mwenye kuondoka kabla ya kuzipata hafunguliwi mlango tena.

Huguette, binti wa marehemu, akaja mbio kutoka barazani, kitenge cha msiba kimefungwa kifuani.

"Chef, bado hujampeleka yule mwanamke? Watu wananiuliza, sina la kuwajibu."

"Kesho, Madame. Ninaomba kitu kimoja. Zile picha kaka yako anazokutumia za saa, unazo?"

Alikuwa nazo nyingi. Akampa simu. Kila picha ilikuwa na milima midogo ya rangi: moyo ulipopanda, moyo uliposhuka, hatua za siku. Chini ya kila moja Bonfils alikuwa ameandika neno la furaha. *Mama anatushinda wote. Mama amekuwa msichana.*

"Alikuwa anatembea hivi?"

"Unaona mwenyewe. Tangu Bonfils alete ile montre alipona kabisa. Tulimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima."

"Uliwahi kumuona kwa macho yako?"

Huguette akakaza kitenge kifuani. "Mi nakuja Jumapili, chef. Kazi ni nyingi. Na Jumapili ni siku ya kupumzika, alikuwa anaketi."

Léonce akapitisha picha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kila Jumapili milima ilikuwa inalala, hatua zinakuwa za kuhesabika. Siku nyingine zote, mama yule wa miaka sabini na kitu alikuwa anatembea kama mwanajeshi. Akamrudishia simu, akaenda getini.

Zamu, mlinzi wa nyumba, Mzee Ilyasi, alikuwa ameketi kwenye jiwe lake, kofia magotini.

"Mzee, ulisema Ijumaa ulikuwa hapa getini siku nzima."

"Siku nzima, chef."

"Siku ya Ijumaa. We Mwislamu wa Buyenzi. Saa ya swala ulikuwa hapa?"

Ilyasi akaigeuza kofia, akaitazama ndani. Léonce akamngoja. Kule barazani wimbo ukaisha, ukaanza tena.

"Nilienda msikitini," akasema mwishowe. "Mama mwenyewe ndiye alikuwa ananituma kila Ijumaa. 'Ilyasi, nenda, uniombee na mi.' Nilirudi, nikadhani amelala, nikakaa. Chef, kama ningesema, Huguette angesema mi ndiye niliua."

"Mlango wa ndani ulikuwa umevunjwa?"

"Apana."

"Geti?"

"Nilifunga na ufunguo, nikakuta ufunguo kama nilivyofunga."

Léonce akachuchumaa ili macho yao yalingane. "Huyu Nsimire unamjua."

"Nani hamjui? Anakuja asubuhi, anakuja jioni. Huguette alikataza wachuuzi, lakini Mama aliniambia nimfungulie na ninyamaze."

"Mara mbili kwa siku. Mama alikuwa anapenda ndagala sana."

"Ndagala?" Mzee akashangaa kweli. "Akionja moja tu, midomo inavimba hivi. Humu ndani haziingii. Beseni analiacha hapa kwangu, anaingia mikono mitupu, muda wa kusalimia tu, anatoka. Jioni vilevile."

"Na Mama, alikuwa anatoka kutembea?"

"Na goti lile? Kutoka kiti mpaka kitanda, chef, akishika ukuta. Hata kwenye korido kuna siku nilimuokota." Akaikunja kofia. "Hakutaka niseme."

Léonce akamwekea mkono begani, akasimama. Kabla ya kuondoka alipita jikoni. Korido ilikuwa nyembamba, sementi imepakwa rangi nyekundu, na mwisho wake palikuwa na kidaraja kimoja cha ngazi chenye kona kali. Alikuwa amekiona Jumamosi, damu ikiwa imekauka hapo, akaandika kwamba marehemu alisukumwa. Sasa akapita tena polepole, mkono ukutani, kama mtu mwenye goti bovu. Kwenye urefu wa kiganja chake rangi ya ukuta ilikuwa imefifia kwa kushikwa, kutoka chumbani mpaka pale. Juu ya kidaraja ukuta ulikuwa unakatika kwa ajili ya mlango, na hapakuwa na pa kushika.

* * *

Kituoni alimtoa Nsimire kwenye cachot, akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, akammiminia maji kwenye kikombe. Nsimire alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono minene ya kazi, kanga imemlowa machozi ya siku tatu.

"Mama Nsimire, leo sikuulizi kitu. Leo nasema mimi, we unasikiliza tu."

Akaiweka saa katikati ya meza.

"Hukuiiba. Mwizi wa Ijumaa haachi alama ya wiki nyingi kwenye mkanda. Ulikuwa unaivaa mchana, Mama Consolate anaivaa usiku. Asubuhi unapita kuichukua, jioni unairudisha. Jumapili huuzi ndagala, basi Jumapili inabaki kwake, na hatua zinapungua. Ni kweli ama si kweli?"

Nsimire akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Kama mtu anayesukuma nzi.

"Sema tu ndiyo. Ukisema ndiyo, kesho huendi gerezani."

"Siwezi, papa." Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Niliapa."

"Uliapa kwa Mama Consolate, na Mama Consolate amekufa."

"Niliapia kwake, lakini niliapa kwa Mungu. Mungu amekufa?"

Léonce akaegemea nyuma. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wakidanganya ili watoke gerezani. Mwenye kunyamaza ili aingie, huyo ndiye alikuwa wa kwanza.

"Uliapa nini? Hilo unaweza kuniambia."

Akafikiri sana. Alikuwa anaupima mpaka wa kiapo chake, asije akaukanyaga.

"Kwamba mutoto asijue. Kwa mudomo wangu, asijue."

"Mtoto ni Bonfils."

Nsimire akafumba macho, midomo ikaanza tena kucheza.

Léonce akatazama saa ya ukutani. Huku ilikuwa alasiri. Kule Kanada kulikuwa kunapambazuka. Alimwita Huguette aje kituoni, naye akaja na teksi, bado na kitenge cha msiba. Alipomwona Nsimire amekaa kwenye kiti, na maji mbele yake, akasimama mlangoni.

"Chef, unamnywesha maji? Huyu muuaji?"

"Keti, Madame. Tunampigia kaka yako."

Simu iliita kidogo tu. Sura ya Bonfils ikatokea, kofia ya kiwandani bado kichwani, macho mekundu. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazi ya usiku.

"Chef, asante kwa kupiga. Mumemaliza?"

"Bado. Bwana Bonfils, kwenye simu yako kuna mahali pa ramani. Njia ambazo saa ilipita. Uliwahi kupafungua?"

"Apana. Nilikuwa naangalia moyo na hatua tu." Akasita. "Ni mama yangu, chef. Nimfuate njiani kama mwizi?"

"Ninakuomba ufungue sasa. Si ya Ijumaa. Ya wiki mbili zilizopita, siku yoyote isiyo Jumapili."

Léonce alijua anaomba nini. Akamtazama Nsimire, naye Nsimire alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Huguette alikuwa amekunja mikono. Kwenye simu Bonfils aliinamisha kichwa, kidole kikawa kinatembea.

Ilichukua muda.

"Hii ni nini?" akasema. "Imetoka nyumbani, imeshuka Nyakabiga. Imeingia barabara zote, nyumba kwa nyumba. Imepandisha mpaka Gihosha. Imerudi nyumbani jioni." Akafungua siku nyingine. "Vilevile." Nyingine. "Vilevile, chef. Mama na goti lake, Gihosha kwa miguu?"

Léonce alimwacha afike mwenyewe, maana lile halikuwa neno la kumpa mtu.

"Si yeye," akasema Bonfils.

"Si yeye," akasema Léonce.

"Nilikuwa naangalia nani?"

Hapo Nsimire akashusha kanga. Mtoto alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe, mdomo wa Nsimire haukumwambia. Akavuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka.

"Ulikuwa unaniangalia mi, papa. Nsimire. Nauza ndagala. Nasali na mama yako pamoja, siku nyingi."

"Kwa nini?" Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayegonga mlango.

"Ulikuwa unamuuliza kila siku. 'Mama, leo haukutembea. Mama, moyo wako umelala, unaumwa?' Ukamuambia kama haendelei vizuri utaacha yote, uje. Akaniambia, 'Nsimire, mutoto akija sasa, karatasi zake zimekufa, miaka yake yote imeenda bure. We unatembea, mi sitembei. Vaa.' Nikamuambia, Mama, hii ni uongo. Akasema, 'Si uongo, ni usingizi wa mutoto wangu.' Akaniapisha na Biblia."

"Na alipoanguka..." Huguette alikuwa amesimama. "Ile montre ingenipigia! Ni namba yangu imewekwa mle ndani! Ningekuja!" Akamnyooshea Nsimire kidole usoni. "Unasikia? Ningekuja! Hukumuua kwa mkono, umemuua kwa kuvaa!"

"Ndiyo," akasema Nsimire. "Siku tatu najiambia neno hilo hilo."

"Madame," akasema Léonce, "daktari hakuona alama ya mkono wa mtu. Geti lilikuwa limefungwa. Mama yako alishika ukuta mpaka ukuta ukaisha. Hiyo ndiyo ripoti nitakayoandika. Lakini plainte, mashtaka yenyewe, ni yako, uliiandikisha wewe. Isipoondolewa, kesho huyu mama anapita pale mlangoni akiwa na pingu, na kutoka kwake Mungu ndiye anajua ni lini."

"Siondoi." Huguette akamgeukia Léonce. "Kama hakuwa na baya, kwa nini alikimbia nayo?"

"Jioni nilikuja kuirudisha," akasema Nsimire. "Nikakuta watu wamejaa getini, nikasikia unalia. Niliogopa. Mukongomani, na saa ya marehemu mukononi. Nikarudi Carama, nikakaa nayo, sikuivua. Nilikuwa nasema, nikiivua mutoto ataona moyo umesimama, na yuko peke yake kule."

Kwenye simu Bonfils alikuwa ameivua kofia.

"Papa," Nsimire akaendelea, sasa akizungumza na simu tu, kama chumba hakina mtu mwingine. "Ijumaa asubuhi alinifunga yeye mwenyewe. Akasema, 'Leo usikae sana kwa wateja, pandisha kwa nguvu, jana mutoto aliniuliza kama ninaumwa.' Nikapandisha Gihosha kwa nguvu. Nilipofika juu saa ikatetemeka mukononi, nikaona umemuandikia. Ni Kifaransa, mi nasoma Biblia ya Kiswahili tu. Nikasema, jioni Mama atanisomea. Kila siku alikuwa ananisomea maneno yako, tunacheka, ananiambia, 'Ona, umemfurahisha.' Hiyo ya Ijumaa sikusomewa." Akafuta uso kwa kiganja. "Ulimuandikia nini?"

Nyuma ya Bonfils, kwenye dirisha, theluji ilikuwa inaanguka.

"Nilikuwa natoka kazini, kama leo," akasema. "Niliandika: *Mama, moyo wako unapiga vizuri. Sasa ninaweza kulala.*"

Nsimire akaweka mikono yake minene kichwani, akalia kama wanavyolia watu kwenye kilio, kwa sauti, bila aibu. Askari wa zamu akachungulia, Léonce akamfukuza kwa jicho.

Huguette alibaki amesimama. Alimtazama kaka yake kwenye simu, akamtazama mwanamke kitini. Alikuwa amelia siku tatu katikati ya watu wengi, lakini kilio kama hiki hakuwa amekisikia pale nyumbani, hata kutoka kwake mwenyewe. Akavuta kiti taratibu, akakisogeza karibu na cha Nsimire, akaketi.

"Chef," akasema, bila kuinua macho. "Ya kuondoa plainte, naweka sahihi wapi?"